Kichujio cha nyuzi kwa madafu ya chupa: maoni yangu

Wadau wa madafu ya chupa hapa Mombasa, mnaniuliza sana kuhusu hii mashine ya nyuzi (mirija myembamba kama nyuzi, kuta zake ndizo zinachuja) tuliyofunga Kisauni, basi naandika mara moja kila mtu asome. Ni nzuri sana, nyota nne kwa tano, lakini si ya kila mtu.

Kabla yake tulikuwa na katriji ya kawaida (kichujio cha kubadilisha), ile maji yanagonga membreni, yaani ngozi nyembamba ya kuchuja, moja kwa moja. Ya matundu ya mikroni 0.2 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) inashika bakteria vizuri na bei haiumizi, shida madafu si maji ya bomba, yana protini, mafuta kidogo na vile vipande laini vya nyama ya nazi, vyote vinajilundika juu ya membreni, geji ya presha inapanda na huku nje yanatoka tone tone. Kwa hii ya nyuzi maji yanapita kwa kasi kandokando ya membreni, uchafu unasombwa unarudi kwa tangi, safi inatokea pembeni, so haizibi haraka. Ila inataka pampu ya maana, na yale maji yakizunguka sana yanapata joto, bila barafu kwa tangi yatachacha.

Sasa jambo ambalo wauzaji hawakwambii: 0.2 haizuii madafu kugeuka pinki! Rangi ile inaletwa na vimeng'enya (enzaimu) vya dafu lenyewe vikikutana na hewa, na ni vidogo mno, vinapenya hayo matundu bila shida. Ukitaka kuvishika ushuke mpaka altrafiltresheni, yaani uchujaji wa matundu madogo zaidi, ile inayopimwa kwa kilodaltoni (kipimo cha ukubwa wa molekuli), na hapo madafu yanatoka polepole zaidi. Sisi tumebaki na 0.2, baridi muda wote, na chupa tunajaza hadi juu hewa isibaki.

Pia uliza membreni ni ya nini. PES na PVDF ni aina za plastiki: PES inavumilia kostiki (soda kali) tunayooshea kila jioni, PVDF kostiki kali inaila taratibu. Na suuza kwa maji matamu jamani, haya ya kisima cha chumvi yanaacha ukoko wa chumvi ndani ya nyuzi.

Kama unauza kidogo tu, chukua katriji, tanguliza ya mikroni 5 halafu ya 1 ndo ile ya 0.2 ipone. Nyota moja nimeiondoa kwa sababu ya spea, oringi (pete ya mpira ya kuzuia kuvuja) ikikatika aliyetuuzia anatwambia tusubiri mzigo kutoka nje.