Kijitabu cha Katiba cha mfukoni: fungua artikle 71 kabla ya kulipa

Vijitabu vya Katiba ya Kongo (DRC) wanavyotandika chini wauza vitabu wa katikati ya Lubumbashi vinafanana kwa nje: karatasi nyembamba, pini mbili mgongoni. Ndani ndiko kwenye kazi. Maandishi ya tarehe 18 Februari 2006 yaligeuzwa artikle nane na sheria ya 20 Januari 2011, na nakala ya zamani inaweza kukuangukia mkononi kama mpya.

Fungua artikle 71. Ikidai zaidi ya nusu ya kura ndipo mtu awe rais, irudishe. Inayotumika leo inataka tu kuwapita wengine, duru moja, basi. Ndiyo maana kwenye uchaguzi wa rais wa 2018 Félix Tshisekedi alitangazwa mshindi kwa asilimia 38.57. Weka hesabu hiyo kichwani kila mwanasiasa anapojiita sauti ya raia wote.

Halafu artikle 5, ambayo kwenye mikutano hukatwa katikati. Wanapenda mwanzo wake: enzi ni ya raia. Chini kidogo imeandikwa kwamba hakuna kundi la raia wala mtu mmoja anayeweza kujitwalia enzi hiyo.

Thamani ya kijitabu iko nyuma. Artikle 218 inataja wenye haki ya kuanzisha marekebisho: rais, serikali, nusu ya wajumbe wa baraza lolote la Bunge, au raia 100,000 kwa petisyo. Kisha ni referandumu (kura ya raia wote), isipokuwa mabaraza yote mawili yakikaa pamoja na kupitisha kwa sehemu tatu kati ya tano. Artikle 219 inakataza kugusa chochote wakati wa vita. Artikle 220 ndiyo kufuli: idadi na urefu wa mihula ya rais, uhuru wa mahakama, vyama vingi, havirekebishwi.

Kufuli lina mwanya. Linazuia kurekebisha, halitaji kuandika Katiba nyingine kabisa. Na artikle 70 inamwacha rais kitini hadi mrithi aliyechaguliwa aingie. Mei 2016 Mahakama ya Katiba iliisoma hivyo, na uchaguzi uliopaswa kufanyika mwaka huo ukafika 30 Desemba 2018.

Lugha ni Kifaransa, ingawa artikle 142 inaamuru sheria zisambazwe pia kwa lugha nne za taifa ndani ya siku 60. Hapo alama za kijitabu zinashuka.

Kuhusu pini: karatasi ya nje ndiyo hung'oka kwanza, nayo ndiyo hubeba kurasa za mwisho, yaani kufuli lenyewe. Toa pini, shona mgongo kwa uzi wa fundi viatu, matundu matatu yanatosha.