Toastr kwenye programu ya depo ya unga Lubumbashi: nimeikubali, ila si kwa kila ujumbe

Toastr ni maktaba ya JavaScript inayoonyesha vijumbe vidogo kwenye ukurasa wa wavuti. Kwa habari njema, inatosha kama ilivyo. Kwa habari mbaya, usiiache na mipangilio yake chaguo-msingi. Nasema hivyo baada ya kuitumia kwenye programu ya wavuti ya depo moja ya unga wa mahindi hapa Lubumbashi, komini ya Kenya. Wanaoifungua ni mama wa kwenye kaunta, vijana wa stoo na patron mwenyewe, yaani mwenye depo. Hakuna kati yao aliyesomea kompyuta, na hawana haja ya kuisomea.

Zamani programu ilitumia alert() ya kivinjari. Ubaya wake hauko kwenye sura tu: inasimamisha ukurasa mzima mpaka mtu abofye OK. Wateja wakijaa kaunta, mtu anabofya kabla jicho halijafika kwenye maandishi, na ujumbe wa hatari unaondolewa kwa haraka ileile ya ujumbe wa kawaida. Patron alitaka vijumbe vidogo vinavyochomoza pembeni na kuondoka vyenyewe, kama alivyoviona kwenye simu yake.

Toastr niliichukua kwa sababu jQuery, maktaba nyingine ya JavaScript, ilikuwamo tayari, na bila jQuery haifanyi kazi. Kuiweka ni rahisi kweli: faili moja ya CSS, moja ya JavaScript inayopakiwa baada ya jQuery, halafu unaandika toastr.success('Mauzo yamehifadhiwa') na kijumbe cha kijani kinatokea juu kulia. Aina ni nne: success (mafanikio), info (taarifa), warning (onyo) na error (kosa). Leseni ni MIT, hakuna cha kulipa. Faili zote mbili niliziweka kwenye seva yetu. Mtandao ukiwa dhaifu, sioni faida ya kungojea seva ya pili ijibu ndipo ukurasa ukamilike.

Kazi yenyewe inaanzia kwenye mipangilio. Kwa kawaida kijumbe kinakaa milisekunde 5000, yaani sekunde tano; mpangilio wa muda huo unaitwa timeOut. Mimi niliyeandika maneno yale niliona zinatosha. Mama wa kaunta akaniambia: "Mutoto wangu, ile maneno inapitaka mbio. Mi nasomaka polepole, tena niko nahesabu feza." Hapo hakuna cha kubishana. Mtu anayehesabu faranga kwa mkono mmoja na dola kwa mwingine hana sekunde tano za kuitazama skrini.

Kwa hiyo vijumbe vya error nimevifanya visiondoke vyenyewe. Hapa pana mtego: kuweka timeOut kuwa 0 hakutoshi. Kuna mpangilio wa pili, extendedTimeOut, ambao ni muda wa kusubiri baada ya kipanya kupita juu ya kijumbe na kutoka, na kwa kawaida ni milisekunde 1000. Ukiuacha hivyo, kosa litakaa pale vizuri hadi kipanya kiliguse kwa bahati mbaya, na sekunde moja baadaye halipo. Yote mawili yawe 0. Ongeza closeButton (kitufe cha kufunga) kuwa true na tapToDismiss (kufunga kwa kugusa) kuwa false, ili kwenye simu kidole kinachoteleza kisikifute. Mipangilio hiyo unaweza kuipa error peke yake, kwenye nafasi ya tatu ya wito; ya kwanza ni ujumbe, ya pili ni kichwa. Ndiyo, ujumbe unatangulia kichwa. Sijui nani angelitarajia hilo.

Jambo jingine nisilolipenda: escapeHtml, mpangilio unaofanya alama za HTML zionekane kama maandishi tu, kwa kawaida ni false. Ukiweka jina la mteja ndani ya kijumbe, na mtu akawa ameandika msimbo wa HTML mahali pa jina, kivinjari kitauchukua kama sehemu ya ukurasa. Kwa maktaba inayokusudiwa kuonyesha maneno, ulinzi huo ungewashwa tangu mwanzo. Uwashe mwenyewe.

Nikaongeza preventDuplicates, inayozuia kijumbe kurudiwa, maana mtandao ukikatika watu hubonyeza Hifadhi mara nyingi, na bila hiyo skrini inajaa vijumbe vyekundu vinavyosema jambo moja. Vilevile nilivihamishia chini kwa toast-bottom-full-width, kwa kuwa kwenye ukurasa wetu jumla ya fedha iko juu kulia na ndiyo namba ambayo hakuna anayetaka ifunikwe.

Lakini hayo yote ni mapambo kama kijumbe chenyewe hakisemi kweli. Toastr haijui kama mauzo yamehifadhiwa; inaonyesha ulichoiambia, wakati ulioiambia. Ukiita success mara tu kitufe kinapobonyezwa, kijani kitatokea hata kama ombi halijatoka nje ya jengo, na magunia yatapakiwa. Kwetu success iko ndani ya jibu la seva tu, na inataja namba ya fakitire, yaani ankara: "Fakitire 214 imehifadhiwa." Ombi likishindwa, kijumbe chekundu kinasema: "Haijahifadhiwa. Usitoe magunia. Jaribu tena." Vijana wa stoo wamezoea kuuliza rangi kabla ya kubeba. Hiyo ndiyo faida kubwa niliyoipata, kuliko uzuri wowote wa sura.

Kwa kurasa zinazojipakia upya baada ya fomu kutumwa, kijumbe hufa pamoja na ukurasa wa zamani. Dawa ni kuuhifadhi ujumbe kwenye seshoni (kumbukumbu ya muda ya mtumiaji) upande wa seva, kisha ukurasa mpya uuonyeshe mara moja na kuufuta. Laravel, mfumo wa kujengea programu kwa PHP, inalo hilo tayari. Toastr hailijui na haipaswi kulijua.

Patron baadaye aliuliza kama anaweza kupata vijumbe hivi akiwa Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na simu iko mfukoni. Hapana, si kwa Toastr. Inaishi ndani ya ukurasa uliofunguliwa. Anachotaka ni arifa za push, zinazofika hata ukurasa ukiwa umefungwa: zinahitaji HTTPS (muunganisho salama), ruhusa ya mtumiaji na service worker (skripti inayofanya kazi nyuma ya pazia kwenye kivinjari), na kwenye iPhone zimewezekana tangu iOS 16.4 ya mwaka 2023, tena kwa programu iliyowekwa kwenye skrini ya mwanzo tu. Ni kazi nyingine, na bei nyingine, tumeiacha kwanza.

Kufuta rekodi pia sikuipa Toastr. Swali linalongoja ndiyo au hapana halifai kupita pembeni, kwa hiyo hapo natumia SweetAlert2, maktaba ya madirisha ya maswali, inayosimama katikati ya skrini na kungoja jibu.

Je, ningeichagua tena? Kwa programu ya zamani yenye jQuery, ndiyo, bila kusita. Kwa mradi mpya sioni sababu ya kubeba jQuery yote kwa ajili ya vijumbe. Ule ninaouanza sasa nimeuwekea Notyf, ambayo ni ndogo na haitegemei maktaba nyingine. Yenyewe kwa kawaida huonyesha kijumbe kwa milisekunde 2000. Hizo nimezibadilisha kabla mama wa kaunta hajaziona.