Nimehamisha kura yangu kutoka ushago hadi Nairobi, huduma naipa 7/10

Wacha niandike hii nikiwa bado nakumbuka, juu wateja wamekuwa wakiniuliza hapa saluni. Jumatano nilifunga mapema nikaenda kuhamisha kura. Miaka yote kura yangu imekuwa Vihiga, nyumbani, kwa hivyo kila uchaguzi ni kutafuta nauli, kulala kwa basi, kupiga kura na kurudi miguu imefura, na 2022 nauli ilinishinda nikakaa tu kwa nyumba nikitazama matokeo kwa TV. Na mimi nimesuka watu Eastlands miaka kumi na moja sasa. Gavana wa Vihiga atanisaidia nini na mtungi wa maji wa huku?

Haya, huduma yenyewe. Ofisi ni ya IEBC, ile tume ya uchaguzi, ya eneo bunge letu, sitaitaja, sitaki maneno. Bango hakuna, nilipita huo mlango mara mbili nikidhani ni stoo mpaka soja akaniuliza mama unatafuta nini. Nilifika saa saba na nusu karani ako lunch, akarudi saa nane na nusu akichokonoa meno, lakini akishaanza anafanya kazi, hilo simnyimi. Foleni ilikuwa watu wanne tu. Beba kitambulisho chenyewe, kuna kijana alikuja na picha ya ID kwa simu akarudishwa, akatoka akinung'unika. Ni bure, hakuna shilingi unaitishwa.

Shida ilikuwa vidole. Ile mashini ndogo ilikataa gumba la kulia, ikakataa la kushoto, karani akanipangusa na kitambaa, nikapuliza, wapi. Akaniuliza, "Dada, kwani unafanya kazi gani?" Nikamwambia nasuka. Akacheka, akasema wanaomsumbua kila siku ni wasusi na watu wa mjengo. Na ni kweli, kila ukimaliza braids unachovya ncha kwa maji moto, fanya hivyo miaka kumi na moja uone kama alama za vidole zitabaki, vyangu vimekuwa laini kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni. Mwishowe kidole cha kati cha mkono wa kushoto ndicho kilikubali, mashini ikalia tii, watu kwa benchi wakanipigia makofi haki.

Hapo kwa benchi kulikuwa na mzee ameleta mjukuu wake, alikuwa ananitazama nikihangaika akaniambia, "Mwanangu, unajisumbulia nini, hawa watu ni wale wale." Sikumjibu, ni mzee, lakini nilibeba hayo maneno mpaka nyumbani so wacha nimjibu hapa.

Mzee wangu, bei ya leseni ya saluni yangu inapangwa na watu. Kila mwaka kaunti inapeleka mswada wake wa fedha kwa bunge la kaunti pale City Hall, MCA, yaani wawakilishi wa hizi wadi 85, wanakaa na wale wa kuteuliwa wanapitisha leseni italipiwa ngapi, soko ngapi, parking ngapi. Maji, takataka, zahanati, chekechea, hizo zote katiba ya 2010 ilizipeleka kaunti. Sasa siku ya uchaguzi unapewa karatasi sita na macho yote yako kwa ile ya rais, hizo zingine tunafuata rangi ya chama tu, na ile ya MCA, ambayo ndio inakaribia mlango wangu kuliko zote, tunaijaza kama watu wanakimbizwa.

Ona chakula cha shule. Mtoto wa dadangu ako grade two shule ya umma, ana bangili mkononi, anaigusisha kwa kile kidude anakatwa shilingi tano anapewa wali na ndengu. Hiyo ni Dishi na County, ilianza 2023, na gavana wetu Sakaja aliiahidi kwa kampeni akitafuta ugavana 2022. Sisemi mumpende wala mumchukie, nasema hiyo sahani ilitoka kwa debe.

Huko juu bunge la taifa ni vilevile. Bwanangu akileta pesilipu kuna asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba na 2.75 ya SHA, ile bima ya afya, na VAT ya mafuta iliruka kutoka asilimia 8 hadi 16 mwaka wa 2023, zote zilitokana na sheria zilizopigiwa kura na watu tuliowatuma. Mswada wa fedha wa 2024 ulipita kwa kura 195 dhidi ya 106. Najua mtaniambia ni vijana barabarani waliourudisha, sio debe, na ni ukweli, rais alikataa kuweka sahihi baada ya watoto wa watu kufa. Hapo ndipo naumia. Wale 195 walitumwa na wenzetu waliopiga foleni sisi tukiwa kwa kochi. 2022 tulikuwa tumeandikishwa milioni 22.1, karibu milioni nane hatukutokea, na kati ya Ruto na Raila kulikuwa na kura 233,211 tu. Piga hiyo hesabu ukiwa kwa matatu, mimi niliipiga nikapita steji yangu.

Sasa mbona sio 10/10? Mbili nimetoa juu ya bango, moja juu ya lunch. Mashini siilaumu, vidole ni vyangu. Ukienda enda asubuhi, uchaguzi ni 10 Agosti 2027 lakini usingoje mpaka foleni ifike barabarani, na kama unasuka kaa mbali na maji moto siku mbili kabla.

Mamangu nilimwambia kwa simu jioni hiyo. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Kwa hivyo Agosti hukuji?" Nikamwambia mama nitakuja Krismasi. Akasema sawa, basi nije na sukari.