Kunming hadi Bangkok kwa reli: uzoefu wetu walimu wawili

Mimi na mume wangu ni Watanzania, na tunafundisha shule moja mjini Kunming, kusini-magharibi mwa China. Mimi hisabati, yeye kemia. Shule ni moja lakini tunaishi kama watu wa zamu: nikitoka darasani yeye anaingia maabara, na jioni kila mtu ameinamia rundo lake la madaftari. Likizo ya mwaka mpya wa Kichina ilipokaribia tukakubaliana kwamba safari hii hatupandi ndege kwenda. Tutakwenda kwa reli mpaka Bangkok, tukae kiti kimoja, tuzungumze.

Nianze na alama, maana ndiyo kazi yetu. Treni ya usiku ya Vientiane, mji mkuu wa Laos, kwenda Bangkok, daraja la pili kulala, naipa tano kwa tano. Treni ya mchana ya Kunming kwenda Vientiane naipa nne. Wakala aliyetukatia tiketi za usiku simpi kitu, na nitaeleza kwa nini.

Reli ya Kunming–Vientiane ina urefu wa kilomita 1,035. Ilifunguliwa Desemba 2021, na treni ya abiria inayovuka mpaka moja kwa moja ilianza Aprili 2023, nauli ya daraja la pili ikitangazwa kuwa yuan 542. Inaondoka Kunming saa mbili asubuhi na kufika jioni. Ni safi, inafuata ratiba, na mwendo wake wa juu ni kilomita 160 kwa saa, sawasawa na SGR yetu ya Dar hadi Dodoma. Nimeiondolea alama moja kwa sababu ya milima. Karibu nusu ya kipande cha Laos kimo ndani ya mahandaki. Unaona bonde la kijani, mto, nyumba za mbao juu ya nguzo, unanyoosha kidole kumwonyesha mwenzako, giza. Unasubiri, mwanga unarudi, na bonde ni jingine. Mwenye hamu ya kutazama nchi ashuke njiani, kama tulivyofanya sisi.

Mpakani mnashuka mara mbili na mizigo yote: kwanza Mohan kugongewa muhuri wa kutoka China, kisha Boten kuingia Laos. Kwa hiyo msifungashe kama mnahama. Viza ya Laos tuliichukua kwenye ubalozi wao mdogo hapo hapo Kunming. Na rudisheni saa nyuma kwa saa moja, maana Laos iko nyuma ya China.

Tulishuka Luang Prabang, tukalala siku nne. Mji wa zamani uko pale Mto Nam Khan unapoingia Mekong, na tangu 1995 umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Stesheni iko mbali na mji, lakini vigari vya abiria vinasubiri nje. Alfajiri watawa wa Kibudha hupita kwa mstari, kimya, wakipokea chakula kutoka kwa wenyeji waliopiga magoti kando ya barabara. Tulisimama upande wa pili, mbali, bila kutoa simu. Nawaomba na nyinyi mfanye hivyo. Niliona wageni wakiwasogezea watawa kamera usoni na iliniuma sana, kwa sababu ile ni ibada ya watu.

Chakula chao ndicho kilichotufanya tujione nyumbani. Wali wa kunata huletwa ndani ya kikapu kidogo cha mwanzi chenye kifuniko. Unamega kwa vidole, unafinyanga tonge kiganjani, unachovya kwenye pilipili ya kusaga, unasukumia na kuku wa kuchoma. Mume wangu alikuwa hajala kwa mkono mbele za watu tangu tufike China. Alimaliza kikapu chake, akaanza changu.

Sasa treni ya usiku. Jambo la kwanza la kujua: Vientiane ina stesheni mbili. Treni ya kutoka China inafikia stesheni yake, na ya Bangkok inaondokea Khamsavath, na kati yake lazima upate gari. Ya usiku inaondoka mnamo saa kumi na mbili na nusu jioni. Msijaribu kuunganisha siku moja kutoka Kunming. Laleni Vientiane walau usiku mmoja.

Wakala wetu wa mtandaoni tulimlipa wiki mbili kabla, vitanda viwili vya chini, behewa moja. Alichotutumia ni vitanda viwili vya juu, mabehewa mawili, na baada ya hapo hakujibu ujumbe hata mmoja. Niliumia kuliko inavyostahili, kwa kuwa safari nzima tuliipanga ili tuwe pamoja. Ndani ya behewa nilimwonyesha kijana mmoja tiketi yangu na ya mume wangu, nikaeleza kwa ishara. Alikuwa mwanafunzi anarudi chuoni Bangkok. Akaangalia, akacheka kidogo, akachukua begi lake na kwenda behewa la pili kwenye kitanda changu cha juu, akaniachia chake cha chini, kilichokuwa karibu na cha mume wangu. Nilikunja mikono kifuani kama wafanyavyo wao, nikasema khop khun kha, yaani asante kwa Kithai, na machozi yalinilenga. Tofauti ya bei ya chini na juu haifiki baht 100, lakini cha chini ni kipana na kina dirisha. Kateni cha chini, na kateni wenyewe kwenye mfumo rasmi wa reli au dirishani.

Treni inavuka Mekong juu ya Daraja la Urafiki lililofunguliwa 1994. Reli imelazwa katikati ya barabara, kwa hiyo magari husimamishwa ili treni ipite. Upande wa Thailand, Nong Khai, mnashuka tena na mizigo. Tangu Mei 2025 fomu ya kuingia Thailand hujazwa mtandaoni kabla ya kufika. Afisa alipoona pasipoti za Tanzania aliuliza kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Tulikuwa nazo. Msiziache nyumbani hata kama mmekaa China miaka mingapi.

Mkisharudi behewani, mhudumu anapita kitanda kwa kitanda. Nilimtazama kwa makini. Anavuta viti viwili vinavyotazamana mpaka vikutane, anashusha kitanda cha juu kutoka ukutani, anatandika godoro, anachana mfuko wa shuka lililofuliwa, anakung'uta mara moja, anakunja kona, anatundika pazia. Kitanda kimoja hakikumchukua dakika mbili. Nunueni chakula kabla ya kupanda, na mama, beba kanga au sweta. Usiku ndani ni baridi.

Mimi ni mzaliwa wa Tabora. Reli ya Thailand ni ya upana wa mita moja, kama Reli ya Kati yetu ya zamani, na mwili wangu uliitambua kabla ya akili: lile yumbayumba la pole, chuma kikigonga kwenye maungio. Nikajikuta namsimulia mume wangu safari za utotoni, kuku wa stesheni ya Saranda wakiuzwa dirishani usiku wa manane, mama akitufunika sote watatu kwa khanga moja. Tuna miaka tisa ya ndoa na alikuwa hajayasikia hayo. Yeye naye akanieleza ya baba yake. Tulizungumza tumekaa kitandani kwangu, pazia limefungwa, mpaka jirani akakohoa.

Saa moja na nusu asubuhi tulikuwa Krung Thep Aphiwat, stesheni kubwa mpya ya Bangkok, ambayo imeungana na treni za mjini. Bangkok yenyewe ilikuwa siku tatu za joto na foleni, na mji wa kale wa Ayutthaya siku moja nzuri. Kurudi tulipanda ndege, kwa sababu muhula ulikuwa unafunguliwa.

Likizo ya Julai tunaelekea kusini, Bangkok hadi Padang Besar mpakani mwa Malaysia, usiku tena. Mume wangu ameshaandika kwenye kalenda ya ukutani, juu ya tarehe za mitihani: vitanda viwili, vya chini, behewa moja.