Kijitabu cha Uamsho wa Kikristo wa Afrika Mashariki kwenye meza ya vitabu, Kigoma mjini

Kurasa 48, bei 3,000. Sura ya Gahini, Rwanda, ndiyo inayokilipia: hospitali ya misheni, daktari wake Mwingereza Joe Church, na kukutana kwake na Mkristo Mganda Simeoni Nsibambi pale Namirembe, kilima cha kanisa kuu la Kianglikana Kampala, mwaka 1929. Mambo yanaelezwa bila kupakwa sukari: kuungama hadharani, kurudisha kilichoibwa, wimbo wa Kiganda "Tukutendereza Yesu" (Twakusifu Yesu) kuimbwa baada ya ushuhuda, na wakubwa wa kanisa kuchukizwa na vijana waliowakemea.

Tatizo ni tarehe. Humo Blasio Kigozi, mhubiri wa Gahini na ndugu yake Nsibambi, anauawa na homa ya papasi mwaka 1939, ilhali alifariki Januari 1936, miezi michache baada ya mkutano wa uamsho wa Kabale, Uganda. Si kosa dogo: wito wake wa "Zukuka" (Amka) ndio uliobeba misheni za Kanisa la Uganda baada ya kifo chake, kwa hiyo hapa marehemu anachelewa mazishi yake. Ramani nayo inaipa Uingereza Ruanda-Urundi, yaani Rwanda na Burundi za leo. Ilikuwa ya Wabelgiji, na msomaji wa Kigoma hadanganyiki kuhusu jirani yake.

Kabla ya kulipa, kagua kurasa 21, 22, 27 na 28. Zote ni karatasi moja, na nakala kadhaa hazina. Pini hushika kutu kwa unyevu wa ziwa. Zing'oe, ushone kwa uzi.