Karatasi ya kudarizia inayoyeyuka majini: miezi minne ya kuitumia

Kilichonifanya niitafute karatasi hii ni kitambaa cha meza nilichomtumia binti wa dada yangu aliyeolewa Edmonton, Kanada. Maua niliyachora kwa kalamu inayofutika kwa pasi, nikadarizi, nikapiga pasi, kikatoka cheupe pee. Kufika kule, kifurushi kikalala ndani ya gari usiku wa baridi kali. Kesho yake simu ikaita: "Shikamoo mamdogo. Mbona kina mistari kila mahali?" Wino ule hupotea kwenye joto la nyuzijoto 60 hivi, lakini baridi ikishuka hadi nyuzijoto 10 chini ya sifuri na kuendelea, huanza kurudi. Niliumia sana, ilikuwa zawadi ya harusi.

Karatasi yenyewe ni nyeupe, laini kama kitambaa chepesi, na mgongoni ina gundi. Unachapisha mchoro, unabandua ganda, unabandika, unadarizi juu yake. Ukimaliza unaloweka, inayeyuka. Kwa kitambaa cheusi sijaona cha kuishinda. Zamani nilitumia kaboni nyeupe ya mafundi cherehani, na kiganja kilikuwa kinaifuta kabla sijamaliza jani moja. Sasa hata mtandio mweusi nadarizi mchoro mwembamba bila kukodoa macho.

Uchapishaji ndio wa kuangalia. Ya kwanza niliipeleka steshenari, wakaipitisha kwenye printa ya leza. Nilipoiloweka, karatasi ikaisha lakini punje nyeusi zikang'ang'ania kwenye uzi, nikazitoa moja moja kwa kibano, jioni nzima. Tona, ule unga wa printa ya leza, ni plastiki, maji hayaiwezi. Siku hizi natafuta printa ya wino wa maji, na mistari naomba iwe ya kijivu hafifu, maana nyeusi iliyokoza ikiyeyuka hutia doa kitambaa cheupe.

Sindano inanata, hilo mjue. Naifuta kwa pamba yenye spiriti kila baada ya ua moja. Na pale uzi unapobanana sana, kitambaa kikikauka hubaki kigumu kama kilichotiwa wanga, kwa hiyo nalowesha kwa maji ya vuguvugu, nasugua taratibu kwa kidole, nabadilisha maji mara mbili. Uzi mwekundu jaribuni kwanza kipande kidogo kama hauchuji rangi. Sisi wa Tanga na unyevu wetu, pakiti isiachwe wazi: karatasi hulegea na kujikunja.

Bei inauma. Karatasi moja karibu ilingane na kitambaa cha foronya, kwa hiyo foronya nyeupe bado naibandika dirishani juu ya mchoro na kuifuatisha kwa penseli.

Kitambaa cha pili cha Edmonton nimekidarizi juu ya karatasi hii. Kabla ya kukituma nilikiweka kwenye friza usiku kucha. Asubuhi nimekikunjua dirishani, hakuna hata mstari mmoja.