Paka chini ya kiti au mbwa kwenye shehena?

Ukitoka Lubumbashi kupitia uwanja wa Luano, mnyama husafiri kwa njia mbili: pamoja nawe, au chini na mizigo.

Juu ni kwa wadogo tu. Mashirika mengi yanayokubali huweka kikomo cha kilo 8 hivi, kikapu kikihesabiwa. Paka anatosha, mbwa wa kulinda kiwanja, hata tusijadili. Unamwona, unamsikia akilia (na jirani yako pia anamsikia).

Chini wengi wanapaogopa bure. Sehemu ya wanyama ina hewa na mgandamizo kama kule juu. Hatari kubwa iko ardhini: kizimba kikingojea juani, na Oktoba yetu mnaijua. Chagua ndege ya asubuhi, na ikiwezekana isiyobadilishwa njiani. Usimpe dawa ya usingizi, maana inaweza kumvuruga pumzi na mapigo ya moyo. Mbwa wa pua bapa, kama bulldog, mimi nisingempeleka chini kabisa.

Pengine huna uchaguzi: Uingereza haipokei mbwa wala paka wa kawaida aliyekuja ndani na abiria.

Karatasi hazitofautiani, asafiri juu au chini. Kwa Ubelgiji: chipu (kidude cha utambulisho chini ya ngozi), chanjo ya kichaa cha mbwa, kisha damu ipimwe siku 30 baadaye, halafu miezi 3 ya kungoja tangu ilipotolewa. Anza na daktari wa mifugo kabla ya tiketi.